Kasulu, Kumtafutia Neema Watu wa Kumwita

Nilifunga safari hii kwa hasira. Mjukuu wangu Neema ameimba wimbo wa harusi, kauweka kwenye simu, watu wanausifu, ila hakuna anayemwita akaimbe. Akaniambia, "Bibi, Kasulu nako wakinikataa naacha. Nakwenda Manyovu kuuza vitenge." Nikamwambia, vaa twende.

Asubuhi tulitoka Kibondo. Njia nzima Neema akawa anawarushia abiria wimbo kwenye simu zao. Bure! Kwetu mtu akisifu chakula chako unampakulia, basi na Neema naye anawapakulia nyimbo.

Tulipofika Makere gari lilisimama. Dukani wimbo wake ule ule unalia! Nikamuuliza mwenye duka, "Anayeimba ni nani?"

"Sijui, mama. Mrundi, nadhani."

Mchana tukafika Kasulu, kwa bwana mmoja mwenye kibanda cha kuwajazia watu nyimbo kwenye flashi. Neema akampa wimbo auuze.

"Huu? Ninao tangu zamani." Akaubonyeza. Mara sauti ya mwanamume ikapiga kelele juu ya wimbo, ikitaja kibanda hicho.

"Na huyo anayebweka?"

"Ni mimi, mama. Ndiyo matangazo."

"Unajitangaza wewe! Jina la mtoto liko wapi?"

"Halimo. Sikiliza mwenyewe."

Nikasikiliza mpaka mwisho. Kweli, hakuna jina, hakuna namba ya simu.

"Niliona kujitaja ni kujisifu, Bibi."

"Sasa wakuite kwa kupiga filimbi?"

Nikamwamuru yule bwana afute kelele zake, arekodi hapo Neema akitaja jina na namba yake. Akanong'ona kama anaungama dhambi. Nikamfinya. Mara ya pili sauti yake ikasikika mpaka barabarani.

Mama mmoja aliyekuwa akingoja flashi yake akageuka. "Kumbe ni wewe! Binti yangu anaolewa baada ya mavuno. Utakuja?"

Neema alishafungua mdomo aseme atakuja hivi hivi tu, namjua. Nikawahi, "Atakuja. Bei tunapatana sasa, na kianzio unatoa leo."

"He! Huyu ndiye meneja?"

"Ni bibi yake. Toa."

Akacheka, akatoa.

Jioni tulirudi Kibondo, Neema hataji tena vitenge. Mimi nilichojifunza ni hiki: wimbo unaweza kwenda harusi zote za nchi hii, na aliyeuimba akabaki nyumbani anapepeta maharage, kwa kuona haya kusema jina alilopewa na wazazi wake.