Mikono ya Dada wa Maabara

Dada wa maabara kwenye wodi yetu ya watoto wachanga, hapa Kitengela, hunawa mikono kabla hata ya kukusalimia. Kisigino cha mtoto hukifumbata kwanza kiganjani mpaka kipate joto, ndipo hukidunga, na hataki haraka ya mtu. Juzi nyanya mmoja Mmaasai alimkatalia kumdunga mjukuu wake: damu yenyewe ni kidogo, anaitakia nini? "Koko, mtoto wa umri huu anaweza kuwa mgonjwa na hana hata homa," akamwambia, akimwita nyanya kwa Kimaasai. "Lakini damu itanionyesha kama mwili umeanza kupigana." Ilionyesha, na dawa ikaanza siku hiyo hiyo.

Leo amepima tena, akaja mwenyewe kusema vita vimetulia. Nyanya akamshika mikono yote miwili, akaitemea mate kidogo, vile Wamaasai hubariki. Sisi manesi tukatazamana, kwa sababu tunamjua dada na kunawa kwake. Nikamfungulia bomba. Hakusogea. Alisimama wima katikati ya wodi, viganja wazi mbele yake, kidevu juu. "Funga hiyo maji," akaniambia. "Wacha baraka ikauke kwanza."