Hapana ya Mfinyanzi

Kila Jumamosi, sokoni Matema, mama mfinyanzi hugonga chungu kwa kifundo cha kidole, akasikiliza mlio, ndipo anapomkabidhi mnunuzi. Kucha zake zina udongo usiotoka. Sauti yake ya mkwaruzo haijapata kupanda hata watu wakibishana naye bei. Leo mwanamume mmoja alikuwa akimfunda bwana harusi mtarajiwa mbele ya vyungu vyake: "Hapana ya mke ni ndiyo. Wewe mlazimishe tu. Akilia, ujue kanogewa." Kisha akanyoosha mkono. "Mama, nipe kile kikubwa."

"Hapana."

"Hela ninayo, mama."

"Nimesema hapana. Haya, kichukue kwa nguvu, halafu uwaambie watu hawa kwamba nilitaka."

Mkono ukarudi mfukoni. Mfinyanzi akamgeukia bwana harusi, kwa sauti ileile.

"Umeona, mwanangu? Kumbe hapana anaielewa."