Jehanamu Nyuma ya Nyumba Yangu

Jamani, sijui nitauficha wapi uso wangu hapa Karatu. Jumuiya yetu husali nyumba kwa nyumba, kila Alhamisi kwa zamu. Wiki iliyopita nilibishana na Mama Neema, kiongozi wetu. "Moto wa milele haumo kwenye Biblia," nilisema huku nikipiga meza. "Mtu akifa amelala tu, basi!" Akanijibu kwa upole, "Haya, Baba Danieli. Tutaongea."

Alhamisi hii nilikuwa nachoma matofali nyuma ya nyumba. Ukungu ulishuka kutoka Ngorongoro, ukachanganyika na moshi, hata mahindi ya jirani yakawa kama yanaelea. Joto la tanuru likanibembeleza, nikasinzia.

Nilipofumbua macho, mbele yangu moto mwekundu ulinguruma. Upande wa pili, watu wenye vitambaa vyeupe vichwani walikuja polepole ndani ya ukungu, wakiimba. Nikajua nimekufa. Nikapiga magoti.

"Bwana, nilikosea! Jehanamu ipo, naiona! Nipeleke kwa wale wanaoimba!"

Wimbo ukakatika. Mama Neema akasogea, Biblia kwapani.

"Bwana asifiwe, Baba Danieli. Leo ni zamu yako, ulisahau? Lakini somo umeshatufundisha. Tufunge tu kwa sala."