Viatu vya Mheshimiwa Idarusi

Wifi yangu Chiku hajui kunong'ona. Nalisema hili mapema, nisije nikalaumiwa tukifika kwenye mambo ya viatu. Ameolewa na kaka yangu Rahimu hapa Makorora miaka yote hii, amezaa, ameshakuwa bibi, na mpaka leo akisema neno chumbani kwake jirani wa tatu anaitikia. Kazi yake dagaa. Anawanunua asubuhi vyombo vikiingia, anawachemsha kwa maji ya chumvi, anawaanika kwenye chanja pale pwani, wakikauka wachuuzi wa Horohoro wanakuja kuwachukua. Chanja ni yake na Benedikta, mwanamke aliyezaliwa kwenye kambi ya mkonge, Mkatoliki wa rozari shingoni. Hawa wawili ni mashoga tangu ujana, hata futari ya Ramadhani wanapika pamoja.

Sasa, Idarusi ni mtoto wa mjomba wake Chiku, yule mjomba Sele, Mungu amrehemu. Chiku kambeba mgongoni, kampangusa kamasi. Madrasa alikuwa ndiye mwimbishaji wa kasida, ana pumzi huyo mtoto, akiivuta sauti unajua haishi leo. Alipogombea ubunge, Chiku alizunguka Mabawa mlango kwa mlango mpaka sauti ikamkauka. "Mpeni Idarusi! Akiwatupa, njooni kwangu mimi!" Nilikuwepo, nikamfinya. Ah wapi! Akalirudia kwa nguvu zaidi.

Idarusi akapita, na hapo tabu yetu ikaanza. Wenzake wakigeuza dagaa wanasikiliza taarabu, wifi yangu anasikiliza Bunge. Alitaka kujua jambo moja tu: kura aliyompa Idarusi, Idarusi anaifanyia nini? Swali la haki, sikatai. Lakini kule Dodoma, ukiacha siku ya bajeti wanapoitwa majina mmoja mmoja, miswada mingi wanaimaliza kwa mdomo. Mwenyekiti anasema wanaoafiki waseme ndiyo, unasikia "Ndiyooo!" ya watu mamia. Wasioafiki waseme siyo, unasikia vijisauti viwili vitatu. Kwisha habari. Chiku anaibandika redio sikioni, macho kayafumba, anamtafuta binamu yake mle ndani.

"Unamsikia?" namuuliza.

"Nasikia soko," anasema.

Akaenda mpaka ofisi ya mbunge. Akamkuta Leticia, binti anayepokea wageni, mpole kweli, akamtafutia kumbukumbu za kikao na kumsomea. Mswada mzima, maneno marefu, na mwishoni pameandikwa hoja imeafikiwa. Basi. Nani kaafiki, nani kakataa, hakuna. "Ndivyo zinavyoandikwa, mama," Leticia alimwambia. Wifi yangu akarudi nyumbani kavimba, siku hiyo hata mimi sikumtania.

Ukaja mswada wa fukwe. Ndani yake mlikuwa na kifungu cha kumi na tatu: hakuna ruhusa kuanika samaki wala dagaa ufukweni mpaka uwe na kibali, na kibali anapewa mwenye jengo la kukaushia. Jengo! Sisi tuna miti na nyavu kuukuu. Maana yake wanawake wote wa pwani ile wafunge virago. Na wanawake hawakwenda ofisini wala Dodoma. Walimjia Chiku, kama mwenyewe alivyowaambia.

Yaliyosemwa pale sitayarudia yote. La kuuma lilitoka kwa Benedikta, tena kwa upole. Alifungua upande wake wa wavu akaukunja. "Chiku, nilimchagua ndugu yako kwa sababu yako. Sasa mwenzangu niambie, yeye yuko upande gani?" Chiku akaigeukia redio yake, kana kwamba itamjibia. Benedikta akahamia chanja ya mbali. Kuanzia hapo wifi yangu akawa anageuza dagaa peke yake, na nilimkuta mara moja analia huku anageuza. Iliniuma, wallahi. Simu alizompigia Idarusi zilipokelewa na watu: Mheshimiwa yuko kwenye kamati, Mheshimiwa yuko safarini.

Mswada haujapigiwa kura, ikatimia arobaini ya mjomba Sele. Nyumba ya marehemu ikajaa, wanaume wamekaa mkekani uani wanasoma hitima, viatu vimepangwa mlangoni. Idarusi akaja kumwombea baba yake, na viatu vyake uliviona tu: vyeusi, vya ngozi, vinang'aa katikati ya kandambili zetu.

Nawe unajua mambo ya mtani. Mtoto wa mjomba ni mtani wako, na siku ya shughuli mtani anakuibia, anakutukana, anakufungia njia, nawe ukikasirika aibu ni yako. Hitima ilipokwisha na watu wamekula pilau, Mheshimiwa akatoka kutafuta viatu. Havipo. Chiku kakaa kizingitini, kavifutika ndani ya kanga.

"Shikamoo, da Chiku," Idarusi akasema, anacheka.

"Siipokei."

Kukataa shikamoo ya mbunge! Nikasema Yarabi, leo tunaumbuka.

"Haya mtani, nivikomboe kwa kiasi gani?" Idarusi akauliza, mkono unakwenda mfukoni.

"Toa mkono huko! Pesa yako kanunulie sauti. Mimi nakusikiliza Bunge zima sikusikii. Kifungu cha kumi na tatu utasema ndiyo au siyo?"

"Da Chiku, mimi nakipinga. Nilikipinga hata kwenye kamati."

"Kwenye kamati nani kakusikia? Umenisikia mimi Mabawa? Kila mlango ulinisikia! Nimekusemea wewe mpaka nikatema damu, leo shoga yangu hanisemeshi, na wewe unajificha kwenye kelele za watu!"

Hapo sauti ikamkatika. Si utani tena, na kila mtu alijua, lakini kwa kuwa ulianza kama utani hakuna aliyeweza kumzuia. Idarusi akachutama mbele yake pale kizingitini, miguu mitupu, suti na yote. "Unataka nifanyeje?"

"Ukisema siyo, usiseme nao. Ngoja wanyamaze. Sema wa mwisho, peke yako, kwa ile sauti ya kasida. Nikikusikia, viatu utavipata."

Watu wakaangua kicheko, na Idarusi akacheka mpaka akafuta machozi. Akaondoka na kandambili za Rahimu, moja ya bluu, moja ya kijani. Chiku hakucheka.

Siku ya kura nilimsindikiza pwani. Tulikuwa wawili, redio juu ya ndoo. Kisha wakaanza kusogea, mmoja anajifanya kaja kuomba chumvi, mwingine anatafuta kisu chake, mwishowe pwani nzima imetuzunguka. Benedikta alisimama nyuma kabisa, mikono kifuani.

"Kifungu cha kumi na tatu," mwenyekiti akasema. "Wanaoafiki waseme ndiyo."

"Ndiyooo!" Ikatikisa redio. Chiku akanishika mkono, kucha zikaniingia.

"Wasioafiki waseme siyo."

"Siyo," wachache. Kimya. Nikasikia mwenyekiti anavuta pumzi atangaze, nikasema moyoni mtoto huyu katutupa.

"Siiiiiyoooooo!"

Mwana wee! Iliinuka, ikapinda, ikashuka, ikainuka tena, kasida tupu, kila mtu pale anaijua ile sauti. Bungeni wakacheka, wengine wakaanza kupiga meza. Mwenyekiti akagonga, akasema, "Mheshimiwa Idarusi, umesikika," na akaacha kutangaza. Waliocheka wakawa hawajanyamaza, akasimama mbunge mwingine wa pwani, akasimama wa kanda ya ziwa, wote wanatetea dagaa wa kwao. Mwisho waziri mwenyewe akaomba kifungu kiondolewe kwanza, wakakitazame upya, watakileta tena.

Chiku alikaa chini mchangani kama mtu aliyetuliwa gunia. Analia, anacheka, anasema "Nimemsikia, nimemsikia," kana kwamba sisi wengine viziwi. Na mimi nililia, nifiche nini? Wanawake wakapiga vigelegele. Benedikta hakupiga. Alikwenda chanja ya mbali, akafungua wavu wake, akauleta, akaanza kuufunga upande wake wa zamani.

"Shika huko," akamwambia Chiku. "Dagaa hawajigeuzi."

Jioni simu ikaita, safari hii mwenyewe. "Da Chiku, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu, marahaba!" Akaitikia mpaka jirani wa tatu akaitikia pia.

"Viatu vyangu je?"

Chiku akavitoa kabatini. Alikuwa anavipaka rangi kila Ijumaa, hilo sikulijua. Akakifunga cha kulia kwenye gazeti, vizuri, akanipa nikimpelekee Leticia ofisini.

"Na cha kushoto?" nikamuuliza.

Akakirudisha kabatini, akafunga. "Si wamesema kifungu watakileta tena?"