Viti Tisa vya Fundi wa Friji

Fundi wa friji wa pale mtaani Mbotela, mbali kabisa na pwani, hakuamini kipimajoto. Aliamini kidole chake cha shahada. Alikichovya katika chai kabla ya kuinywa, katika maji ya kuoga, hata katika sufuria ya uji wa jirani. Mwaka wa tisini na tisa, mabwawa yalipokauka na stima ikawa inakatwa kwa zamu, alianza kutuambia kwamba bahari ina joto juu na baridi chini kabisa, na kwamba tofauti hiyo pekee inatosha kuzalisha umeme. Kwa sauti ya kuomba radhi alitualika sote Jumapili, baada ya kanisa, tukaone.

"Bahari gani, fundi? Ya Jogoo Road?" Mama Kathini alimuuliza mferejini. Wanawake waliokuwa wakichota maji wakacheka. Naye akacheka nao, kidogo.

Alipanga viti tisa uani. Nilikuja mimi tu, jirani yake wa ukuta. Kutoka beseni la maji moto hadi beseni la barafu alikuwa amepitisha bomba la shaba lenye gesi ya friji, na kigurudumu katikati. Gesi ilichemka huku, ikapoa na kuwa kimiminika kule, kigurudumu kikazunguka, na taa ya baiskeli iliyounganishwa nacho kwa dainamo ikawaka. Hakuitazama. Alitazama lango. Barafu ikayeyuka, maji moto yakapoa, kidole chake kikaenda huku na huku mpaka mabeseni yakalingana joto, na taa ikazimika.

Ndipo Mama Kathini akaingia na kitabu chake cha nyimbo. "Nimechelewa, fundi?"

"Hapana, mama," alisema, akikimbilia jiko. "Ndio kwanza tunaanza."