Uso Chini ya Pasi

Kwa fundi cherehani wa mtaa wa Alunguli, harufu ya pasi ya makaa hunirudisha uani kwetu. Wakati wa vita, rais alikuwa amewaita vijana kupitia redio waulinde mji dhidi ya waasi, akiahidi kuleta askari kwa ndege. Kaka yangu aliitika. Siku ya ndege, mama alinyoosha kitenge chenye uso wa rais.

“Mama, utamuunguza pua!” kaka alicheka.

“Nyamaza weye! Leo njo siku yake.”

Tulibeba sufuria ya sombe, kisamvu cha kuwakaribisha askari hao, hadi uwanja wa ndege. Ndege ilitua tupu. Wakubwa wa jeshi wakapanda na magodoro yao, ikaruka. Kaka alibaki na bunduki yake.

Mama akavua kitenge, akafungia ile sufuria ya sombe, akampa kaka akimbilie msituni.

Fundi ananiuliza kama nimeleta nguo. Namwambia sina, nimefuata harufu tu.