Handaki Tulilodhani ni Njia ya Reli

Enzi zetu, sisi tuliozaliwa Embu kabla ya Imajensi, ile hali ya hatari ya vita vya Mau Mau, gari la moshi tulilisikia midomoni mwa watu tu. Reli ilipita Sagana ikaelekea Nanyuki. Kwetu haikufika na mpaka leo haijafika. Lakini mimi nilisaidia kuichimba, au ndivyo nilivyodhani.

Baba alichukuliwa asubuhi moja, akapelekwa kwa lori hadi Sagana, na hapo, tuliambiwa, akapandishwa gari la moshi pamoja na wanaume wengine kupelekwa kizuizini. Kisha tukahamishiwa kijiji kipya chenye nyumba zilizobanana, na akina mama wakaamrishwa kuchimba handaki kukizunguka. Nilimuuliza mama handaki ni la nini. Jasho lilikuwa likimtoka na homgadi, askari mlinzi wa serikali, amesimama nyuma yake.

"Ni njia ya gari la moshi," akasema. "Litamleta baba yako."

Basi nikawatangazia wenzangu. Tulibeba udongo kwa viondo bila kusukumwa na mtu. Jioni tulishikana nguo kwa nyuma, wa mbele akipuliza honi kwa mdomo, tukapita handakini kwa mstari hadi tufukuzwe kwa fimbo. Githeri ilikuwa mahindi matupu, maharagwe ya kuhesabu, na bado tulikula tukicheka. Wajukuu wangu mtandao ukikatika dakika tano, nyumba inageuka matanga. Sisi tulingoja gari la moshi misimu kadhaa ya mvua.

Halafu ikaletwa mianzi iliyochongwa ncha, ikasimikwa chini ya handaki imchome yeyote atakayejaribu kuvuka. Hapo akili yangu ikavurugika. Gari litapitaje? Nilimuuliza mama, akaendelea kupepeta mtama kama hajasikia. Nikaamua mwenyewe kwamba mianzi ni ya kushikilia magurudumu.

Siku moja nikiwa nimekaa ukingoni, mwanamume aliyekonda, kichwa kimenyolewa, alikuja kwa miguu kutoka barabarani akasimama karibu nami. Akaniuliza mimi ni wa nani. Nikamtajia jina la mama, nikamwambia yuko kazini, nami namngoja baba, anakuja na gari la moshi litakalopita hapa.

Alilitazama lile handaki na mianzi yake. Kisha akaketi kando yangu.

"Haya, tungoje wote," akasema.

Tukangoja. Mama aliporudi aliangusha jembe, akaanza kulia, nami nikashangaa anamlilia mgeni kwa nini. Aibu ile sijaimaliza. Baba hakuwahi kuitaja hadi alipofariki, na sijui kama alinisamehe au hakuona kosa.

Juzi mjukuu wangu anayeuza simu Makutano, Meru, alinijia mbio. "Shosho, treni ya abiria ya Nanyuki imerudi. Si twende tu tupandie Sagana, ata ni ya siku moja."

Nilienda. Ilipoingia stesheni vijana walijipiga picha, nami nikalia. Pengine ilikuwa furaha na uchungu vyote. Siku hizi watu hupanda treni kujitembeza, saa ya kurudi wanaijua, na hakuna anayeshtuka akimwona mtu wake akishuka. Enzi zetu tuliingoja mahali isipopita.

Nilikaa dirishani. Mjukuu alipotaka kuketi kando yangu, nilijikuta nimeweka mkono kitini.

"Hapo kuna mtu," nikamwambia.